Kurudia, Kukariri, Kusisitiza: Historia ya Kitenzi "Reiterate" na Namna ya Kukitafsiri

Utangulizi

Makala hii inahusu kitenzi kimoja cha Kiingereza, nacho ni "reiterate". Wanafunzi wa somo la tafsiri hukutana nacho karibu kila wanapopewa habari ya gazeti au tamko la serikali. Wengi wao huandika "kurudia" kisha wakaendelea na sentensi inayofuata. Wengine huandika "kusisitiza". Wachache huandika "kukariri", nao huulizwa na wenzao waliosomea Tanzania kama waziri huyo alikuwa akijiandaa kwa mtihani.

Huenda mtu akasema kwamba hili ni jambo dogo, maana msomaji ataelewa tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba si dogo. Waziri akiahidi barabara mwaka huu, na mwakani akaitaja ahadi ileile, mwananchi anayesoma habari hiyo kwa Kiswahili ana haki ya kujua kama amepewa ahadi mbili au moja. Kujua huko kunategemea kitenzi alichokichagua mfasiri. Ili tuchague vizuri, yafaa kwanza tujue kitenzi hiki kimetoka wapi na kimepitia wapi.

Asili yake katika Kilatini

Katika Kilatini kulikuwa na kielezi "iterum", maana yake "tena" au "mara ya pili". Wataalamu wa lugha za Kihindi-Kiulaya wanakihusisha kielezi hiki na neno la Kisanskriti "itara", lenye maana ya "-ingine". Kwa hiyo wazo la msingi ni la kuhesabu: hii ni moja, na hii ni nyingine. Kutokana na "iterum" Warumi waliunda kitenzi "iterare", yaani kufanya jambo mara ya pili. Baadaye kiliongezwa kiambishi awali "re-", ambacho nacho kina maana ya "tena" au "nyuma", kikapatikana "reiterare".

Msomaji makini ataona kwamba hapo maana ya "tena" imeingia mara mbili: mara moja katika shina na mara moja katika kiambishi. Baadhi ya walimu wa Kiingereza hukilaumu kitenzi hiki kwa sababu hiyo, lakini lugha hazifuati hesabu ya namna hiyo. Mwanzoni huenda kiambishi kilitumika kukazia tu, na hatimaye neno zima likazoeleka.

Tutofautishe pia "reiterate" na "repeat". Hicho cha pili kinatokana na "repetere", kitenzi kilichoundwa kwa "re-" na "petere", yaani kuelekea au kutafuta. Basi "repeat" kwa asili yake ni kukiendea kitu upya, na "iterate" ni kuhesabu mara ya pili.

Lugha zetu zimechukua njia iliyo karibu na ile ya "repetere". Katika Kiswahili, "rudia" ni kauli ya kutendea ya "rudi". Katika Luganda, "okudda" ni kurudi, na "okuddamu" ni kurudia, na tena ni kujibu. Katika Kinyarwanda, "gusubira" ni kurudi na "gusubiramo" ni kurudia. Katika Lingala, "kozonga" ni kurudi na "kozongela" ni kurudia. Lugha zote nne zinamwona msemaji kama msafiri anayerudi mahali alipokwisha kupita. Hazisemi amerudi kufanya nini. Hilo tulikumbuke, kwa kuwa ndipo tatizo la tafsiri linapoanzia.

Kutoka kitendo hadi kauli

Kitenzi "iterare" kilitumika kwa vitendo, si kwa maneno peke yake. Mfano mzuri unapatikana katika teolojia ya Kanisa Katoliki. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, aliuliza kama ubatizo unaweza kufanywa mara ya pili, na kitenzi alichotumia ni hicho hicho. Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento ulitamka kwamba sakramenti tatu, yaani ubatizo, kipaimara na daraja takatifu, huacha alama isiyofutika rohoni na kwa hiyo haziwezi kutolewa tena kwa mtu yuleyule. Hapo pia kitenzi ni "iterare". Hakuna anayezungumzia kurudia maneno. Kinachokatazwa ni kurudia tendo.

Katika Kiingereza "repeat" kilitangulia, kikionekana katika maandishi ya karne ya 14. "Reiterate" na "iterate" vilifuata katika karne ya 15 na ya 16, wakati waandishi wa Uingereza walipokuwa wakichukua maneno mengi kutoka Kilatini. Waandishi wa mwanzo walikitumia "reiterate" kwa vitendo na kwa maneno pia.

William Shakespeare alikitumia kwa maneno katika tamthilia ya "The Winter's Tale", iliyochezwa mwaka 1611 na kuchapwa mwaka 1623. Mfalme Leontes anamshutumu mkewe kwa uzinzi bila ushahidi wowote. Mtumishi wake Camillo anamjibu kwamba kulitamka tena neno kama hilo ni dhambi. Tazama uzito uliopo: kusema mara moja kungeweza kusamehewa kama hasira, lakini kusema mara ya pili ni kusimama nyuma ya kauli yako. Maana hiyo ndiyo iliyobaki katika kitenzi hiki hadi leo.

John Milton, kwa upande wake, alikitumia kwa vitendo. Katika kitabu cha kwanza cha utenzi wake "Paradise Lost", uliochapwa mwaka 1667, anamweleza Shetani kuwa kiumbe aliyeachwa azidishe makosa yake, kosa juu ya kosa, mpaka ajitwike laana mwenyewe. Makosa yenyewe ndiyo yaliyoelezwa kwa neno hili. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755 alikieleza kitenzi kwa upana tu, kuwa ni kurudia tena na tena, bila kukifunga kwenye maneno wala kwenye vitendo.

Baada ya hapo maana ilianza kubana. Katika Kiingereza cha leo ni nadra mtu kusema kwamba mpiganaji ame-"reiterate" pigo. Mtu huwa ana-"reiterate" wito, ahadi, onyo, msimamo au shukrani. Kwa maneno mengine, kitenzi kimeacha mikono kikabaki mdomoni. Kwa wanafunzi wetu waliosoma kwa Kifaransa huko Burundi, Kongo au Rwanda hapa pana mtego: "réitérer" ya Kifaransa bado inatumika kwa vitendo. Mwanariadha wa Kifaransa anaweza ku-"réitérer" ushindi wake. Wa Kiingereza hawezi.

Ndugu yake "iterate" alipita njia nyingine

Wakati "reiterate" kilipokuwa kikielekea kwenye maneno, "iterate" kilichukuliwa na wanahisabati. Kwao kina maana ya kufanya hatua ileile tena, lakini kila mara ukianzia kwenye jibu ulilolipata mara iliyotangulia.

Chukua njia ya kale ya kutafuta kipeuo cha pili, ambayo Heron wa Alexandria aliieleza katika karne ya kwanza. Tunatafuta kipeuo cha pili cha 2. Tuanze kwa kukisia 1. Tugawe 2 kwa 1, tupate 2, kisha tuchukue wastani wa 1 na 2: tunapata 1.5. Sasa tufanye vilevile kwa 1.5: 2 ukigawa kwa 1.5 ni 1.3333, na wastani wake na 1.5 ni 1.4167. Tukifanya mara ya tatu tunafika 1.4142, ambalo ni jibu sahihi hadi tarakimu nne baada ya nukta. Hatua ni ileile mara tatu, lakini jibu halikubaki palepale.

Watengenezaji wa programu za kompyuta walilichukua neno hilo kutoka kwa wanahisabati, na kutoka kwao likaenea kwa wahandisi na wafanyabiashara, ambao leo hulitumia kwa kazi inayotengenezwa, ikajaribiwa, ikarekebishwa, ikajaribiwa tena.

Hivyo vitenzi viwili vya asili moja vimefika mahali panapopingana. Anaye-"iterate" anarudia ili abadilike. Anaye-"reiterate" anarudia ili aonyeshe kwamba hajabadilika. Wahenga wetu waliposema "Bandu bandu huisha gogo", walikuwa wakisema habari ya cha kwanza: shoka ni lilelile, lakini kila pigo linakuta gogo limepungua. Msemaji wa serikali anayetoa tamko lilelile kwa mara ya tano hapunguzi gogo. Anataka tuone kwamba gogo liko palepale.

Historia ya "kariri"

Sasa tugeukie Kiswahili. Kitenzi "kariri" kinatokana na Kiarabu "karrara", maana yake kurudia mara kwa mara. Katika Kiarabu nomino yake "takrir" ina maana mbili: kurudia, na pia kusafisha kitu kama sukari au mafuta, kwa sababu usafishaji hufanywa kwa kurudiarudia kazi ileile. Kiswahili hakikuchukua maana hiyo ya pili. Kilichukua ya kwanza, kisha kikaipeleka kwenye masomo.

Ukoo wa neno hili tunao darasani kila siku. "Takriri" ni istilahi ya fasihi kwa neno au sauti inayorudiwa kwa makusudi. "Mkarara" ni mshororo unaorudiwa mwishoni mwa beti za shairi, ambao wengine huuita kiitikio au kibwagizo. Katika takriri na katika mkarara kurudia si ulegevu wa mtunzi. Mtunzi anarudia kwa sababu anataka neno lile ndilo tuondoke nalo.

Kitenzi chenyewe, hata hivyo, kimegawanyika kwa matumizi. Tunaweza kutaja manne.

Kwanza, kukariri shairi, yaani kulisoma kwa sauti mbele ya watu, aghalabu bila kutazama kitabu.

Pili, kukariri somo, yaani kulirudiarudia mpaka likae kichwani. Njia ya maana hii ni rahisi kuifuata. Mwanafunzi wa madrasa hurudia aya nyuma ya mwalimu wake mpaka aihifadhi, na mwanafunzi wa shule hurudia jedwali la kuzidisha vivyo hivyo. Jina la njia likawa jina la matokeo. Siku hizi, hasa Tanzania, neno limebeba hata lawama: mtu akisema "huyu amekariri tu", anamaanisha kwamba hakuelewa.

Tatu, kukariri darasa, yaani kubaki katika darasa lilelile mwaka wa pili. Hapa neno bado linahusu kitendo, si maneno.

Nne, kukariri kauli. Hili ni tumizi la vyombo vya habari, hasa vya Kenya, ambako habari husema kwamba kiongozi "alikariri kuwa" jambo fulani litafanyika. Hapa ndipo "kariri" inapokutana na "reiterate".

Mwanafunzi wa Uganda husikia redio ya Kenya, husoma vitabu vya Tanzania, na hufanya mtihani wake Kampala. Si ajabu akichanganyikiwa. Mwalimu asimwambie kwamba tumizi moja ni sahihi na jingine ni kosa. Amweleze kwamba maana zote nne zinatokana na shina moja la kurudia, na kwamba muktadha ndio unaoamua.

Basi tutafsiri vipi?

Tukitafsiri "reiterate" tunahitaji kubeba mambo matatu: kwamba jambo limesemwa, kwamba lilikwisha kusemwa kabla, na kwamba msemaji analirudia kwa makusudi. Tuvipime vitenzi vyetu kwa kipimo hicho.

"Waziri amerudia kuwa mpaka hautafungwa." Hapa tunajua kwamba alikwisha kusema. Hatujui kusudi lake. Huenda hakusikika vizuri, huenda amesahau kwamba alikwisha kusema. "Rudia" kinafaa tafsiri ya "repeat", na kinaweza kusimama kwa "reiterate" endapo sentensi yenyewe itaonyesha kusudi.

"Waziri amesisitiza kuwa mpaka hautafungwa." Hapa kusudi lipo, lakini la awali limepotea. Mtu anaweza kusisitiza jambo analolisema kwa mara ya kwanza. Msomaji akiiona sentensi hii anaweza kudhani kuna habari mpya kumbe hakuna. Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi katika tafsiri za haraka.

"Waziri ameshikilia kuwa mpaka hautafungwa." Kitenzi hiki kinaleta ubishi. Kinatuambia kwamba kuna watu waliompinga, naye hakukubali. Kama katika Kiingereza hakuna ubishi, mfasiri ameuongeza yeye.

"Waziri amekariri kuwa mpaka hautafungwa." Hapa mambo yote matatu yapo kwa yule aliyezoea tumizi la nne. Kwa wasomaji wasiolizoea, yafaa kuongeza neno la kusaidia: "amekariri msimamo wake kuwa", au "amerudia kusisitiza kuwa". Mfumo huu wa mwisho ni mrefu kidogo, lakini unaeleweka kutoka Mombasa hadi Bukavu.

Na "rudia tena" je? Baadhi ya walimu hulikata kwa wino mwekundu kwa hoja kwamba "tena" imo ndani ya "rudia". Ni hoja ileile wanayoitoa walimu wa Kiingereza wanapokataza kuongeza "again" baada ya "reiterate". Katika maandishi rasmi ni vizuri kuliepuka. Lakini tusisahau kwamba mtu aliyekwisha kurudia mara moja, akirudia mara ya tatu, kwa kweli amerudia tena. Tuangalie idadi kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Kiswahili kina njia nyingine pia, yaani kukirudufu kitenzi chenyewe: kusemasema, kuulizauliza, kurudiarudia. Njia hii inaonyesha wingi wa mara, lakini mara nyingi huja na dharau kidogo au hali ya kutokuwa na mpango. Usimwandikie balozi kwamba "alirudiarudia shukrani zake", isipokuwa kama unakusudia kumcheka.

Lugha ya maazimio

Mahali ambapo usahihi huu unahitajika zaidi ni katika hati za mashirika ya kimataifa. Maazimio ya Umoja wa Mataifa huanza kila aya ya utangulizi kwa kitenzi maalumu, na vitenzi hivyo havibadilishani kiholela. "Recalling" hutaja hati iliyopita. "Reaffirming" huthibitisha upya kanuni au uamuzi uliokwisha kukubaliwa. "Reiterating" hutamka upya wito au msimamo uliokwisha kutamkwa. Mfasiri akiviweka vyote chini ya "kurudia" ameifuta kazi ya waliojadiliana usiku kucha juu ya neno moja. Pendekezo letu kwa wanafunzi ni "ikikumbuka", "ikithibitisha tena" na "ikikariri", kwa mpangilio huo.

Kazi hii si ya kubuni. Mwaka 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji alihutubia mkutano wa kilele wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili, na mwezi Februari 2022 Umoja huo ukakikubali kuwa lugha yake ya kazi. Hapa Uganda baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Hati zitakazohitaji kutafsiriwa ni nyingi, na watakaozitafsiri ni hawa tunaowafundisha leo.

Hitimisho

Tumeona kwamba "reiterate" kilianza kama neno la kuhesabu mara ya pili, kikatumika kwa sakramenti, kwa shutuma na kwa makosa ya Shetani, kisha kikabanwa hadi kubaki kitenzi cha kauli inayorudiwa kwa kusudi. Tumeona pia kwamba "kariri" ilianzia kwenye kurudia, ikaingia darasani, na sasa inarudi kwenye kauli kupitia vyombo vya habari.

Kwa walimu tunapendekeza zoezi moja. Wapeni wanafunzi habari mbili za gazeti zilizopishana kwa miezi kadhaa, ambamo kiongozi mmoja anatoa ahadi moja. Waambieni wazitafsiri zote mbili. Kisha mtu ambaye hakuziona habari za Kiingereza asome tafsiri hizo na aulizwe: ahadi hapa ni ngapi? Akijibu "mbili", tafsiri ya habari ya pili irudiwe. Akijibu "moja, na hii ni mara yake ya pili", mwanafunzi amekielewa kitenzi.